Samaki wa Birika la Bi Mwanahawa

Kama ulikulia Amu, kisiwani Lamu, wakati mmoja na mimi, basi unajua kwamba sisi maradhi yalitujia kwa misimu, kama matunda. Kulikuwa na msimu wa tetekuwanga, ambapo mtaa mzima ulinuka majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, na watoto tulikaa vibarazani tumepakwa dawa ya maji nyeupe tukilinganisha nani ana vipele vingi. Kulikuwa na msimu wa macho mekundu. Wakati huo tuliamini kwamba ukimtazama mgonjwa machoni umekwisha kuambukizwa, kwa hiyo wale waliochoka na shule walikuwa wakitafuta mwenzao mgonjwa, wanamkalia mbele na kumtumbulia macho kwa bidii. Mimi niliogopa. Nilitembea nikitazama chini hata nikagonga punda. Na bado yakanipata, kwa sababu jicho haliambukizi kwa kutazamwa, huambukiza kwa mkono na kwa taulo, na nyumbani kwetu watoto wote tulijifuta uso kwa taulo moja iliyoning'inia nyuma ya mlango.

Halafu ilikuwapo siku ya dawa ya minyoo shuleni. Mwalimu alisimama na kopo lake, unatafuna mbele yake, unafungua kinywa, unainua ulimi. Alitueleza kwamba kuna minyoo inayopenya kwenye nyayo za watu wanaotembea pekupeku penye uchafu. Wenzangu walisikia, wakatoka wakacheza mpira pekupeku. Mimi nilitembea kwa visigino karibu wiki nzima, nikiamini kwamba kisigino ni kigumu zaidi na mnyoo atachoka njiani. Mama alidhani nimechomwa na mwiba. Watoto wa siku hizi wana viatu vinavyowaka taa, na wakipiga chafya mara moja tu simu inaulizwa. Sisi tulimuuliza bibi.

Bibi yangu, Bi Mwanahawa, mamake baba, alikuwa na nyumba ya mawe kule mtaa wa Mkomani. Ndani ya nyumba kulikuwa na kiwanda, ule ua mdogo usiofunikwa unaoingiza jua, na pembeni mwa kiwanda kulikuwa na kisima na birika. Birika lenyewe lilijengwa kwa mawe na chokaa, kina chake hadi kifuani kwangu, na ndani yake waliishi samaki. Wenyeji mnajua. Walikuwa vijisamaki vya maji matamu, havizidi kidole, vilivyoletwa na watu wa kale kutoka kwenye mabwawa ya bara. Chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, mafundi walikuwa wamezamisha bakuli la kaure, ili siku ya kusafisha maji yakiisha samaki wabaki na pa kupumulia. Wageni kutoka nje walikuwa wakidhani ni pambo. Kazi ya samaki hao ilikuwa kula viluwiluwi. Mbu akitaga mayai yake birikani, watoto wake hawakufika mbali.

Hakuna starehe niliyoipenda kama kulala kifudifudi ukingoni mwa birika saa za adhuhuri, binamu yangu Swabri upande wa pili, tukiwadondoshea punje za wali. Bibi alitukataza. "Mukiwashibisha wali, mbu watamla nani?" alisema. Tukisikia hivyo tulicheka, kwa sababu jawabu lilikuwa ni sisi.

Bibi hakuwa na mzaha na mbu. Babake alikuwa na matende, mguu umevimba kwa maradhi ya mbu, na yeye ndiye aliyekuwa akimwosha mguu ule tangu akiwa msichana. Lakini alikuwa na imani nyingine pia, ambayo nadhani ilikuwa ya nyumba nyingi za mtaani kwetu: samaki wakiwa hai, maji ni salama. Kila asubuhi aliinama birikani, akawatazama wanavyozunguka, akasema alhamdulillahi, kisha akachota maji na kujaza mtungi wa kunywa.

Mwaka ambao shangazi Twaiba alikuwa anaolewa, kipindupindu kilisikika bara. Shangazi Twaiba alikuwa binti wa mwisho wa Bibi. Mchumba wake alikuwa baharia kwenye meli za nje, na likizo yake ilikuwa fupi; harusi isipofanyika Alhamisi ile, angerudi melini na shangazi angemngojea mwaka mwingine. Alikuwa amekwisha mngojea mara moja. Kwa hiyo tulipomwona Bwana Afya, afisa wa afya wa serikali, anaingia vichochoroni na ndoo yake ya dawa ya kusafisha maji, siku chache kabla ya harusi, nyumba nzima iliingia baridi.

Bwana Afya alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, na alikuwa akiinama kila mlango wa Amu hata ile mirefu, kwa sababu alishagonga kichwa vya kutosha. Amri aliyokuja nayo ilikuwa rahisi. Nyumba yoyote itakayolisha watu, kisima chake, birika lake na mitungi yake vitiwe dawa kwanza. La sivyo, hakuna karamu.

Alisimama juu ya birika akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, hii maji iko na samaki," alisema.

"Naam. Wazima?"

"Wako wazima."

"Basi na mai ni mazima. Yangekuwa na ubaya, wao ndio wangekufa mbele. Keti unywe kahawa, mwanangu."

Bwana Afya akaweka ndoo chini. "Hapana, mama. Kipindupindu haisumbui samaki, inasumbua watu. Hiyo kidudu na samaki wanaweza kaa pamoja na wasikosane."

"Basi waache wakae, muradi hawajakosana."

"Na pilau ya harusi utapikia hii maji?"

"Pilau huchemka."

"Kachumbari nayo huchemka? Sahani za watu huchemka? Sharubati?"

Nilikuwa nimekaa ngazini na Swabri. Bibi aliinama birikani, akawatazama samaki wakizunguka. "Ukitia dawa yako, samaki wangu watakufa?"

"Watakufa, mama. Siwezi kukudanganya."

"Na wakifa, viluwiluwi atakula nani? Wewe? Mimi babangu nimemwosha mguu kama gogo la mnazi mpaka siku aliyozikwa. Sitawaua samaki hawa nipate kulisha watu pilau."

Nimesoma afya ya jamii miaka yote ya chuo, na nimelirudia shauri lile kichwani mara nyingi kuliko mtihani wowote, na bado sioni aliyekosea. Bwana Afya alikuwa na haki kuhusu maji, kwamba kipindupindu hutoka kwa choo cha mtu hadi kinywa cha mtu mwingine na samaki hawawezi kukizuia. Bibi naye alikuwa na haki kuhusu mbu, maana mbu ndiye anayebeba vijinyoo vya matende, na malaria pia. Kila mmoja alilinda watu dhidi ya ugonjwa aliouona kwa macho yake. Katikati yao ilikuwa harusi ya shangazi.

Shangazi mwenyewe alikuwa chumba cha ndani, ametiwa ndani kama biharusi yeyote, amepakwa liwa, ule unga wa msandali, mwili mzima. Desturi ni kwamba biharusi haonekani, na sauti yake haisikiwi na mwanamume wa nje. Tangu aingie ndani alikuwa akiomba maji kwa kugonga ukuta. Basi kabla Bwana Afya hajamjibu Bibi, nyuma ya pazia, ikatoka sauti kavu kabisa:

"Mama. Watoe hao samaki uwaweke pengine. Mimi sitangoja mwaka wa pili kwa sababu ya dagaa."

Bibi alishika mdomo. Bwana Afya, ambaye hakujua desturi, aliligeukia pazia akasema kwa adabu, "Hiyo ni idea nzuri, dada," na Swabri akacheka hadi akateremka ngazi mbili kwa makalio.

Ndivyo ilivyoanza kazi tamu kuliko zote za utoto wangu. Kwa sababu haikuwa nyumba yetu peke yake. Kila jirani atakayepika au kuosha vyombo vya karamu alipaswa kutiliwa dawa majini, na karibu kila jirani alikuwa na birika na samaki wake. Habari ilipita vibarazani kabla ya adhuhuri. Maji yakachotwa mapema, kabla ya dawa, yakajazwa katika kila kitu chenye tumbo: masufuria ya pilau, madebe, mabeseni ya kufulia. Watoto tulipewa vichujio vya nazi na vikombe. Tuliingia nyumba ambazo hatukuwahi kuvuka vizingiti vyake, tukalowa suruali na kanga, tukatoka na samaki mmoja mmoja huku nyuma mwenye nyumba akipiga kelele, "Yule mkubwa bado, yule mkubwa ni mjanja."

Bwana Afya akafuata nyuma yetu, akipima dawa, akitia, akieleza. Alisema maji yaachwe wazi juani mpaka harufu ya dawa iishe kabisa, ndipo samaki warudi. Kila nyumba alitaka kujua pia choo kiko wapi na kisima kiko wapi, na alikunja uso vilipokuwa karibu mno. Kina mama walimtania. Bi Rehema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alimwambia, "Bwana Afya, kwenu huko bara hamna harusi? Oa huku, utie dawa kwako."

"Nikioa huku nitawekwa kwa beseni," alijibu, na kuanzia hapo akawa wetu.

Tatizo lilikuwa paka. Hakuna mtu wa Amu anayehitaji kuelezwa. Mabeseni ya nyumba zote yalipopangwa kiwandani kwa Bibi, kuta zote zilijaa paka, wamekaa kimya kama mashahidi wa ndoa. Tuliwafukuza kwa makuti, wakarudi. Ndipo Swabri alipokwenda juu akashuka na vyandarua, vile vya buluu tulivyogawiwa kliniki, tukafunika mabeseni yote vizuri na kuchomeka ncha chini ya mawe.

Bwana Afya alikuja kukagua. Akatazama samaki wa mtaa mzima wamelala ndani ya chandarua. Akatutazama sisi, tumekaa kando tukijikuna miguu.

"Nani amewekwa chandarua hapa?" aliuliza.

"Samaki," nikasema.

Aliketi ukingoni mwa birika lisilo na samaki akacheka mpaka akavua kofia. Alituletea vifuniko vya mapipa kesho yake, akahakikisha kila chandarua kimerudi juu ya kitanda chake.

Alhamisi ikafika na shangazi Twaiba akaolewa. Samaki walikuwa wamehamishwa kutoka masufuria makubwa kwenda kwenye madebe, masufuria yakasuguliwa kwa majivu na sabuni, pilau ikapikwa. Bwana Afya alisimama mlangoni na ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni, na hakuna aliyeingia bila kuosha mikono. Wageni wa kijiji cha Matondoni walimdhania jamaa wa bwana harusi, wakampa mkono wa pongezi, naye akaupokea kisha akawaonyesha sabuni tena. Alipokula, alikula sahani iliyojaa mara ya pili. Na hakuna aliyeumwa. Nasema hivyo nikijua kwamba huenda tungesalimika hata bila hayo yote; nimejifunza kutodai sababu pale penye bahati. Lakini Ijumaa kila mtu aliamka mzima, na baharia alikaa na mkewe siku zake zote za likizo zilizobaki.

Samaki walirudi birikani maji yalipokwisha kunuka dawa, na ugomvi wa samaki yupi ni wa nani haukuisha. Bi Rehema alishikilia kwamba amerudishiwa waliokonda. Bibi naye alianza kuchemsha maji ya kunywa. Hakusema kwamba amebadili mawazo. Alisema chai imekuwa tamu zaidi.

Siku hizi nyumba nyingi za mtaa wetu zina tangi la plastiki juu na mfereji ndani. Mabirika yamekauka, mengine yamepandwa maua. Ni vyema, najua. Maji yamefunikwa, watoto wanachanjwa, kila mtu ana chandarua chake. Binti wa shangazi Twaiba, anayejua kila kitu kuhusu simu, alipoona kiluwiluwi ndani ya ndoo mwaka jana alikipiga picha akauliza kama ni samaki mchanga. Nilimweleza kwa urefu, mpaka homa ya dengi na yule mbu anayeuma mchana. Alisikiliza kidogo akavaa vile vidude vyake vya masikioni.

Swabri alioa wakati wa korona. Ilikuwa kiwandani palepale kwa Bibi, na mimi nilikuwa Nairobi, chumba cha kupanga, sijatoka siku nyingi, nimepanga chupa za dawa ya mikono dirishani. Safari zilikuwa zimefungwa, na zilifungwa kwa sababu nzuri. Maradhi yale hupita kwa pumzi, na upendo wa kweli ulikuwa kukaa mbali. Niliandika hayo kwenye kazi yangu ya chuo nikapata alama nzuri. Nikaitazama ndoa kwenye simu, watu wachache, barakoa, picha inakatika. Kadhi alipomaliza nikaona mikono inanyanyuka, sauti ya simu imekatika, basi nikapiga vigelegele mimi, peke yangu, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Jirani wa chumba cha pili, ambaye sikuwahi kumjua jina, aligonga ukuta. "Uko sawa huko?"

Nikamwambia ni harusi. Akasema hongera, na nikamsikia akirudi kuketi.