Kisanduku Kisicho na Mshale

Kazi yangu ilikuwa kuchora nani anamwambia nani. Watu wakisikia nilifanya kazi katika ofisi ya ulinzi hudhani nilikuwa nabeba bunduki, na wengine hupunguza maneno mbele yangu, jambo ambalo sijawahi kulikataza. Bunduki sikushika hata siku moja. Nilishika kipanya cha kompyuta nikachora visanduku na mishale. Katika michoro yote ile upo mmoja ambao haujaniacha. Redio ya jirani ikikwaruza tu, naisikia sauti ya baba yangu ikiwauliza swali watu ambao hawapo.

Niieleze kwanza kazi yenyewe, maana hata mama hakuielewa mpaka akachoka kuniuliza. Ulitakiwa mfumo wa ulinzi na uokozi wa pwani ya Pemba: chombo kikipata shida, au kikionekana chombo kigeni kisichojulikana, habari itoke kwa aliyekiona na ifike kituo cha doria bila kupotea njiani. Kabla ya kununua hata betri moja, wahandisi wa mifumo ya ulinzi huuchora mfumo mzima. Upo utaratibu wa kuchora, sisi tukiuita kiunzi, kwa sababu unakaa kama miti ya nyumba kabla haijakandikwa udongo. Mchoro mmoja unaonyesha watu na kazi zao, mwingine mitambo, mwingine habari zinazopita baina yao, na yote lazima ikubaliane. Mtu akionekana kwenye mchoro mmoja akakosekana kwenye mwingine, programu inalalamika.

Kiunzi chetu kilitoka nchi za watu. Kilikuja na visanduku vyake tayari: raia, kiongozi wa mtaa, kituo. Kiongozi wa mtaa kwetu ni sheha, kwa hiyo mshale ukatoka kwa mvuvi ukaenda kwa sheha, na wa sheha ukaenda kituoni. Kisanduku kisichokuwa na mshale hata mmoja programu ilikipaka rangi nyekundu, nasi ofisini tulikiita yatima. Mkuu wa mradi, ofisa wa makamo kutoka bara, mpole, mpenda chai ya tangawizi, hakuweza kuvumilia yatima kwenye karatasi yake. Alikuwa akisema kila mtu duniani ana wa kumpa habari na wa kupokea habari kwake.

Ilipochaguliwa shehia ya majaribio, yaani eneo la sheha mmoja, ikachaguliwa ya kwetu, kaskazini, upande wa Tumbe. Sheha wake alikuwa baba yangu. Mkuu alifurahi akasema hiyo ni bahati, maana kazi itakwenda haraka. Mimi niliandika jina la shehia yetu kwenye mchoro bila furaha.

Aliyeishi Pemba miaka ile ya mwanzo wa vyama vingi hahitaji kuelezwa. Ambaye hakuwako nitamweleza. Tulisusiana. Watu wa chama hiki hawakununua sukari kwenye duka la mtu wa chama kile, hawakupanda gari lake, hawakula harusi yake, na kuna waliokataa kubeba jeneza lake. Baba alikuwa sheha, na sheha ndiye aliyesema nani mkaazi na nani si mkaazi ulipofika wakati wa kuandikisha wapiga kura. Ikasemwa kuwa amewakata watu kwenye daftari. Yeye alisema hakumkata mtu. Lisemwalo lipo, wakasema wao, na mjadala ukaishia hapo. Mimi sikujua, na sijui hadi leo. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na hasira hiyo ilikuwa nzito kuliko mizigo niliyokwenda nayo nyumbani kila likizo.

Hakuna aliyemtukana. Akufukuzaye hakwambii toka. Zamani, msimu wa karafuu, majirani walijaa barazani kwetu alasiri kuchambua, kila mtu na kikapu chake, wakitaniana mpaka adhana ya magharibi. Sasa walichambua wazee wangu wawili tu, wamekaa kila mmoja upande wake wa mkeka kana kwamba wameacha nafasi za watu. Baba alitoa salamu njiani, na njia ikawa kama haina mtu. Nilipokuwa nikienda naye dukani nilihisi baridi ya mgongoni, ile ya mtu anayepita makaburini peke yake, na ilikuwa mchana wa jua kali.

Nilipomwambia kuhusu redio, alinikatiza kabla sijamaliza.

"Itakaa hapa? Kwangu miye?"

"Mchoro unasema hivyo, baba. Mvuvi akiona jambo, anakuja kwako, wewe unaita kituo."

"Basi watakuja," akasema. "Watake wasitake watakuja. Bahari haina chama."

Mama alikuwa akisikiliza kutoka uani. Alinivuta kando akaniambia, "Weye mwana, usimwotesheye babako. Mtu mzima akiota mchana ni maradhi."

Nilimwambia mama kuwa ule ni mchoro wa majaribio tu. Lakini mimi pia niliutaka. Nilijua mshale ule wa kutoka kwa mvuvi kuja kwa sheha umekufa, nami ndiye niliyelipwa kujua mambo kama hayo. Nikaurefusha vizuri, nikaunyoosha, nikauacha. Nilijiambia labda kifaa chenyewe kitafufua kilichokufa.

Mafundi wakaja wakafunga redio na waya wake juu ya mnazi. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika mjini, lakini kwetu mtandao ulikamata juu ya kilima tu, tena kwa kubahatisha, kwa hiyo redio ile ilikuwa kitu kikubwa. Baba alisugua baraza kwa makumbi na maji ya bahari. Alinunua vikombe vipya vya kahawa, akavipanga kwenye sinia karibu na redio. Mgeni njoo mwenyeji apone, akaniambia huku akicheka, na kicheko chake kilinichoma kwa sababu ilikuwa miaka sijakisikia.

Kiunzi kinataka mchoro ujaribiwe kabla ya kupitishwa. Tulipanga zoezi. Wavuvi wawili walikubali kutoka na boti yao ya faiba, wazime mashine nje ya mwamba, wapandishe kitambaa chekundu. Watu wa pwani waliambiwa tu kuwa wiki ile litafanyika zoezi, na kwamba habari waipeleke wanakoipeleka siku zote. Baba naye aliambiwa hayo hayo. Mimi nilikaa kituoni na mkuu pamoja na ofisa wa redio, na juu ya meza palikuwa na karatasi yenye majibu sahihi: boti ya faiba, watu wawili, upande wa kaskazini wa mwamba.

Asubuhi haijakolea, redio ikaita. Ilikuwa sauti ya baba, na alikuwa akizungumza kile Kiswahili chake cha ofisini, kilichopigwa pasi.

"Kituo, kituo, hapa ni kwa sheha. Nimepokea taarifa kutoka kwa wavuvi kwamba kuna chombo kimepata hitilafu baharini. Wananchi wamekuja wengi. Baraza imejaa. Ova."

Mkuu alinitazama akatabasamu. Nakiri nilimwamini. Kwa muda ule mfupi niliiona baraza yetu imejaa, niliona hata nani amekaa wapi.

"Vizuri sana, mzee," akasema ofisa wa redio. "Chombo gani, na kina watu wangapi? Ova."

"Subiri, nawauliza."

Alisahau kuachia kitufe. Kwa hiyo tulisikia kila kitu. Tulisikia kiti kikisogea, na sauti yake ikienda mbali kidogo, ikirudi kwenye Kipemba chake cha nyumbani.

"Jamani, chombo gani hicho? Kina watu wangapi?"

Kimya. Nyuma ya kimya kile nilisikia mchi wa mama ukipiga kinu, taratibu, bila kukatika. Mama yangu hatwangi wageni wakiwa barazani. Hajawahi, wala mamake kabla yake. Wageni wakiwepo mama yuko jikoni na mdila wa kahawa.

"Ehe," baba akasema. "Ehe. Nshakufahamu."

Akarudi karibu. "Kituo, ni ngalawa. Ina watu wanne. Iko upande wa kusini. Ova."

Hakuna aliyeinua macho. Ofisa wa redio aliangalia karatasi, kisha akaangalia vidole vyake. Mkuu aliuliza polepole, "Mzee anaongea na nani?"

"Haongei na mtu, mkuu," nikasema. "Ni baba yangu."

Baadaye kidogo alifika kituoni kijana mmoja anayechukua samaki kwa baiskeli, jasho likimtoka. Alikuwa ametumwa na muuza barafu wa dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Boti ya faiba, akasema, watu wawili, kaskazini ya mwamba. Nilimuuliza amepita njia gani. Akajibu bila kuniangalia kwamba amepita njia ya kwetu. Alipita mbele ya redio, mbele ya vikombe, mbele ya mzee aliyevaa kanzu tangu alfajiri, akaendelea kukanyaga pedali mpaka kituoni. Ndivyo baba alivyojua kuwa kuna jambo: aliwaona watu wakikimbia wakimpita.

Mkuu alinifanyia wema, na wema wake ndio ulionitesa. Aliniambia mchoro ni wangu. Akasema naweza kuuacha mshale wa kwa sheha kwa heshima ya mzee, nikaongeza mwingine wa kutoka kwa muuza barafu, na wakubwa juu hawatauliza. Nilikaa mbele ya kompyuta nikajaribu. Ulipendeza. Lakini mifumo ya ulinzi haichorwi ili ipendeze. Siku ya kweli kituo kingepokea habari mbili, ngalawa kusini na boti kaskazini, na chombo cha uokozi ni kimoja. Watu wawili wangekufa maji ili baba yangu asione haya. Na watu wale ningewajua kwa sura.

Nikaufuta. Kisanduku cha sheha kikageuka chekundu palepale. Programu ikakataa kuufunga mchoro mpaka kisanduku chenyewe kiondoke, nami nikakiondoa. Nililia pale ofisini mbele za watu, nikiwa nimewakasirikia wote: yeye, wao, vyama vyao, na mtu wa mbali aliyebuni kiunzi akidhani kila penye kiongozi pana watu wanaomwendea.

Nilikwenda nyumbani kumwambia mwenyewe. Vikombe vilikuwa vimefunikwa kwenye sinia, vikavu. Hakunisubiri nianze.

"Wanaihamisha."

"Inakwenda dikoni, baba. Kwa muuza barafu. Watatuma mtu kuichukua."

"Asije mtu. Redio ya serikali haichukuliwi kwangu kama kuku wa wizi. N'taikabidhi mwenyewe."

Alivaa kanzu na kofia ya viua. Aliibeba redio kifuani, nami nikafuata nyuma na betri. Dikoni palikuwa na mnada, kelele za bei, visu vinapasua changu, watu wanavutana kwa maneno. Baba akasimama pembeni ya meza ya samaki akatoa salamu, assalaam alaykum, kwa sauti kamili. Kelele zikakatika. Hakujibu mtu. Muuza barafu alifuta mikono, akaipokea redio kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, bila neno. Baba akamwonyesha kitufe. Akamwambia akimaliza kusema akiachie, asije akasahau. Kisha akatoa salamu ya kuondoka, akageuka.

Kuitikia salamu ni wajibu, na hao walikuwa watu wanaomwogopa Mungu. Mimi niliyebaki nyuma nikiweka betri chini ndiye niliyeona. Mzee mmoja, aliyekuwa akichambua karafuu barazani kwetu nilipokuwa mtoto, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na midomo yake ilitikisika. Alikuwa akiitikia, kwa chini sana, ili Mungu asikie na baba asisikie. Midomo ya wengine sikuiona.

Tulitembea, yeye mbele, mpaka tukavuka michikichi. Sikuweza kustahimili.

"Baba, waliitikia. Kwa chini, lakini waliitikia. Niliona midomo."

Alisimama. Hakunigeukia.

"Wangapi?"

"Wengi, baba. Wengi."

"Nani na nani?" akauliza. Nikaanza kumtajia majina, mmoja baada ya mwingine, tukapanda kilima hivyo hivyo, na kila nilipotaja jina alisema ehe, akangoja jingine.