Mashimo Thelathini Juani

Waliomwita Fuko hawakumwonea. Miaka kumi na tisa alichimba mashimo kwa ajili ya maabara ya udongo, na ukimuuliza anatafuta nini, alijibu, "Nilichozika jana." Utani tu huo. Udongo wake ulipimwa kaboni, yaani kile kinachobaki mizizi na majani yakioza, kinachoisaidia ardhi kame kushika maji.

Basi siku moja majibu ya udongo wa kwao yakatoka. Dada yake mkubwa na wafugaji wenzake walikuwa wamefunga malisho yao miaka saba ili nyasi zipone. Sasa karatasi ikasema ardhi iliyoachwa wazi, inayokanyagwa na ng'ombe kila siku, ina kaboni nyingi kuliko hiyo iliyofungwa! Watu wakang'aka: kumbe tumejinyima bure! Ijumaa tukutane, tulete trekta tulime.

Fuko peke yake alijua kosa lilipo. Kule kwenye ardhi wazi jua lilimchoma, akachimba chini ya miti. Na ng'ombe mchana hulala wapi? Hapo hapo, na mavi yao hapo hapo. Alikuwa amewapelekea samadi wakapime, mjinga yule!

Siku tatu aliimeza siri hiyo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Ya nne akamfuata mkuu wa maabara, mama asiyecheka ovyo, akamweleza yote.

"Kivuli, Fuko? Wewe?"

"Mimi, mama. Utanifukuza baadaye, kwanza niache nirudie."

"Gari halipo."

"Miguu ipo."

Akachimba mashimo thelathini kwenye ile ardhi wazi, juani, hatua hamsini toka shimo hadi shimo, iwe penye mwiba, iwe penye jiwe. Viganja vikachubuka. Alijitukana kwa sauti, na jembe halikupumzika. Mkuu akapima mwenyewe: malisho yaliyofungwa yalizidi, tena kwa mbali.

Ijumaa, kabla karatasi mpya haijasomwa, Fuko akasimama mbele ya wote. "Nilichimba vibaya. Malisho yenu hayana kosa, kosa ni langu."

Watu wakaguna. Dada yake akamkazia macho.

"Wiki nzima silali, najiuliza nitawaambia nini wenzangu niliowanyima malisho. Na wewe ulikuja kwangu, ukala, ukanyamaza?"

"Nisamehe, dada."

"Yetu tutayamaliza nyumbani." Akawageukia watu. "Haya! Nani bado anataka kulima?"

Hakuna mkono ulioinuka.