Dawa ya Bibi Haikutaka Shukrani

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kule Jeddah, nilikatazwa kusema asante kwa siku tatu, nami nikadhani ni jambo dogo. Halikuwa dogo hata kidogo. Mama alikuwa amenilea kwa shukran: shukran kwa dereva wa basi la shule, shukran kwa muuza mikate, shukran kwa jirani aliyetushikia mlango wa lifti. Neno lilikuwa likitoka lenyewe kabla sijajua nimepewa nini.

Baba alikuwa karani bandarini na mama muuguzi. Mwaka ule bibi yangu, mamake baba, alitoka Unguja kuja kufanya Umra, akabaki kwetu miezi miwili. Sanduku lake lilikuwa nusu nguo na nusu majani makavu, mizizi na mvuje, na harufu ya huo mvuje ilimfanya mama afungue madirisha yote pamoja na joto lile. Wawili hawa walipendana, lakini kwenye habari za dawa kila mmoja alikuwa na msimamo wake.

Mimi nilikuwa na sauti. Nasema hivyo bila haya, maana ndicho kitu pekee nilichowashinda wenzangu. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda Riyadh kwenye mashindano ya kusoma Kurani ya shule za wasichana, na katika shule yetu hakuna mtoto wa wageni aliyewahi kuchaguliwa kabla yangu. Nikasoma kutwa kucha. Nikasoma bafuni, darini, ndani ya gari, mpaka baba akaniambia hata malaika wanahitaji kupumzika. Ijumaa, wiki moja kabla ya safari, niliamka sauti haipo. Kilichotoka kilikuwa upepo mtupu.

Mwalimu wetu, Abla Hanan, hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwambia mama kwa simu, "Jumatano asubuhi nitamsikiliza. Kama sauti haijarudi, atakwenda Rahaf, halas." Rahaf alikuwa msichana mwema na nilimchukia wiki nzima.

Mama alinipeleka kwa daktari siku ya Jumamosi. Daktari akachungulia koo, akasema hakuna ugonjwa, koo limechoka tu. Ninywe maji kwa wingi na nisizungumze kabisa, hata kwa kunong'ona. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimnong'oneza mama jinsi nitakavyokaa kimya.

Jioni ile bibi alikata kitunguu maji vipande vyembamba, akavipanga bakulini, akamwagia asali na kufunika kwa kisahani. Asubuhi kitunguu kilikuwa kimetoa maji yake. Akayachuja ndani ya kikombe cha kahawa, akakamulia ndimu, akaniita.

"Njoo, mke mwenzangu. Asubuhi tatu mfululizo, na jioni nitakufukiza kwa mrehani na tangawizi. Lakini sikia vizuri. Dawa haishukuriwi. Ukiishukuru inajua kazi imekwisha, inakwenda zake."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikanywa. Ilikuwa tamu na chungu kwa pamoja, na harufu yake ilinipanda puani. Nikamrudishia kikombe.

"Shukran, bibi," nikanong'ona.

Sijapata kuona mtu akikunja uso kwa haraka namna ile. Bibi alichukua bakuli, akalimwaga lote kwenye sinki, akafungua maji. Kisha akatoa kitunguu kingine kapuni.

"Tunaanza upya," akasema. "Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hakuna tena siku ya kupoteza."

Nilihesabu kwa vidole nikaona kweli haipo. Kikombe cha tatu kingekuwa asubuhi ileile ya Abla Hanan. Hofu iliyonishika hapo sijaisahau. Nilijijua: kwa mdomo wangu, neno lile lingeponyoka tena. Nikaamua jambo moja tu, nisifungue mdomo kwa sababu yoyote, mbele ya mtu yeyote, mpaka Jumatano.

Mrehani mbichi ulikuwa umetuishia, basi alasiri mimi, bibi na mama tukaenda Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kwa muuza mitishamba mmoja chini ya zile nyumba kuukuu zenye roshani za mbao. Kijana wa dukani alinipa fungu la mrehani, kisha akaongeza kipande cha peremende, zawadi. Nikapokea. Akasubiri. Bibi akanibana mkono.

"Mafi shukran? Hata asante hakuna?" kijana akauliza, akimtazama mama.

Mama aliona haya mpaka akakosa pa kuangalia. "Binti ana adabu, wallahi," akajitetea, "anaumwa tu." Tulipofika barabarani akamgeukia bibi. "Mama, mwanangu ataonekana hana malezi, kwa ajili ya kitunguu?"

"Malezi yatarudi Jumatano," bibi akajibu. "Kwanza irudi sauti."

Siku zile nilikuwa bubu. Jioni niliinamia sufuria ya mvuke, khanga ya bibi kichwani, jasho likinitiririka. Asubuhi nilikunywa, nikarudisha kikombe, nikakimbilia chumbani midomo nimeibana kwa vidole. Baba aliniletea kalamu za rangi, nikamkumbatia tu. Nilitaka kusema neno lile hata nikaliota.

Jumatano nikanywa kikombe cha tatu. Nikasimama mbele ya Abla Hanan, Rahaf pembeni na msahafu wake. Nikavuta pumzi na kuanza Suratu Maryam bila kujua nini kitatoka.

Ikatoka sauti! Ilitoka safi, imejaa, imepumzika, nzuri kuliko ilivyokuwa kabla. Abla Hanan aliniacha nisome mpaka mwisho wa ukurasa, naye si mtu wa kumwacha mtu amalize. "Nenda kafunge sanduku," akasema.

Riyadh tulikwenda wote kwa gari la baba, bibi amepakata chupa yake ya chai ya tangawizi njia nzima. Ukumbini alikaa mstari wa mbele. Waliposema jina langu kuwa la kwanza, vigelegele vyake vya Unguja viliwageuza wanawake wote, na mama, yule muuguzi mwenye haya, akamjibu kwa vyake. Nilishuka jukwaani mbio kwenda kwa bibi, neno likiwa limefika kwenye ulimi. Akaniziba mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya kitunguu.

Sasa mimi ni mfamasia, hapa hapa Riyadh, na wateja hunishukuru kutwa nzima. Najua kilichotokea. Asali ilitelezesha koo, mvuke ulilainisha, lakini dawa kubwa ilikuwa ukimya. Daktari aliniamuru ninyamaze na nikashindwa. Bibi alinipa sababu ya kuogopa kufungua mdomo, na nikaweza. Kama alikuwa akijua hilo au aliamini kila neno alilosema, sijui.

Mwezi uliopita nilimpigia simu Unguja. Ana miaka mingi sasa, masikio mazito, kicheko kilekile. Nikaona sitaki kungoja zaidi.

"Bibi," nikasema, "ahsante kwa kile kitunguu."

Akaguna. "Weye! Miaka yote hii umejizuia, leo ndio unaharibu? Haya, ukikauka koo usinipigie mie."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kwa sauti yangu yote. Sikuumwa, alhamdulillahi. Ila jioni ile, kabla ya kulala, nilikata kitunguu, nikakimwagia asali na kukifunika kwa kisahani.