Lori la Yotamu Lanyamazishwa

Mwaka 1956 madereva wote wa Mbeya walikula vumbi la Yotamu kwenye mlima wa Chunya, na msibishe. Lori lake lilikuwa na kamshafti ya mashindano kutoka Rhodesia, shafti ya nundu ndefu iliyofungua vali mpaka injini ikahema kama fahali. Aliyeifunga ni shemeji yake, fundi Asukile.

Basi Yotamu akaenda msibani Tukuyu siku nne. Aliporudi kwake Ilomba, Mbeya, akawasha lori. Likaimba taratibu kama cherehani.

“Shemeji, umelifanya nini?”

“Nimerudisha kamshafti ya kawaida,” Asukile akajibu, akifuta mikono. “Dada ameniomba. Anasema utajiua.”

“Lusia? Na wewe ukakubali, nikiwa nazika?”

“Ng’ombe zako za mahari ndizo nilizoolea mimi. Sasa dada yangu akiwa mjane, nitamtazamaje?”

 Kesho yake, kwenye mlima wa Chunya, dereva mwenzake Zubery alimpita Yotamu akipiga honi. Yotamu akapandisha kioo, akalila vumbi lililokwishaingia, na jioni hakugusa ugali wa Lusia.