Mkanda wa Pili

Sisi tuliokulia Nkololo enzi za mikanda ya video, filamu kwetu ilikuwa kitu cha Jumapili mchana. Mzee Masanja, mwenye mashine ya kusaga, hakusaga siku hiyo, na betri aliyoichaji wiki nzima kwa injini ya mashine ilikuwa imeshiba. Tukitoka kanisani tulipita nyumbani kubadilisha nguo, tukabeba kila mtu kigoda chake au gunia lake la kukalia, tukaenda kujipanga kwenye sebule yake. Madirisha yalizibwa kwa magunia ya pamba ili mwanga usiingie. Harufu ya chumba kile naikumbuka mpaka leo: pumba, jasho, mafuta ya dizeli, na matobolwa yaliyokuwa mifukoni mwa watoto. Tulikula viazi vile vikavu taratibu ili vifike mwisho wa filamu.

Bibi yangu mzaa baba, Bibi Minza, alikuwa na nafasi yake mbele kabisa, na hakuna aliyethubutu kuikalia. Hakujua Kiswahili zaidi ya maneno ya dukani, na Kiingereza ndiyo kabisa. Lakini sijawahi kukutana na mtazamaji mkali kama yule. Kila mtu aliyeingia kwenye kioo bibi alimsalimia, "Mwadila!" Asipoitikiwa, alikuwa ameshamhukumu. Filamu za karate alizikataa mapema. "Hawa ng'ombe zao anachunga nani?" aliuliza, kwa sababu aliona wanaume wazima wanarukaruka tangu asubuhi na hakuna aliyeshika fimbo ya kuchungia. Filamu za Kihindi alizivumilia kwa ajili ya mapambo, ila alisema haiwezekani mtu afiwe, aimbe, na katikati ya wimbo awe amebadilisha nguo mara tatu. Za vita alizionea huruma. Watu wote wale, alisema, wametoka mbali hivyo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake "mhola?", yaani u mzima, kabla ya kumpiga risasi.

Na alikuwa na kipimo kimoja ambacho mimi mpaka leo nakitumia. Kama kwenye filamu watu hawali, hiyo ni ya uongo.

Aliyekuwa anamtafsiria ni dada yangu Kabula, aliyenizidi miaka mitatu. Kabula naye Kiingereza chake kilikuwa kile cha kumsalimia mwalimu asubuhi na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Lakini alitafsiri kila neno kwa Kisukuma, bila kusita, kwa sauti ya kujiamini ambayo mawakili wangeitamani. Kwenye tafsiri za Kabula, Wazungu wote walikuwa wameibiwa ng'ombe. Yule mwenye bunduki na kofia pana alikuwa anafuata nyayo za ng'ombe wa baba yake. Yule dada anayelia dirishani, mahari yake ilikuwa imepungua mitamba miwili na wajomba wamekasirika. Chumba kizima kilimsikiliza Kabula. Hata Mzee Masanja, mwenye televisheni yake, alikuwa akigeuka kumuuliza, "Sasa hapo amesema nini?"

Mimi nilikuwa naumia. Darasani nilikuwa wa kwanza, nilikuwa naanza kusoma sentensi za Kiingereza, na nilijua dada yangu anadanganya. Nikisema, nafinywa.

Sasa hapa lazima nimtaje baba mdogo Luhende, mtoto wa mwisho wa bibi. Aliondoka mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, akaswaga ng'ombe na vijana wengine kuelekea Rukwa, ambako walisikia majani yapo na ardhi haijajaa watu. Wenzake walituma salamu. Yeye hakutuma. Kila jioni bibi alipopakua chakula alitenga sahani ya Luhende: ugali, mboga, maziwa ya mgando yakiwepo, au michembe, viazi vya kukaushwa, iliyopikwa na karanga. Aliifunika kwa ungo na kuiweka juu ya kabati la mbao. Hakuna aliyeigusa. Asubuhi ndiyo alisema, "Haya, kuleni, amechelewa," nasi wajukuu tukakimbilia kile kiporo. Nimekula chakula cha baba mdogo miaka mingi, na nakiri kilikuwa kitamu kuliko changu.

Ndipo Mzee Masanja akaleta mkanda wa Kinaijeria. Mama mmoja wa kijijini, kitambaa cheupe kichwani, kovu dogo juu ya nyusi, mwanawe ameondoka kwenda kutafuta maisha. Kila siku mama anakaa mlangoni. Anapika. Anakula! Bibi alipoona yule mama anamega chakula alinyooka kwenye kigoda chake. Hii sasa ndiyo ya kweli, akasema. Aliposalimia "Mwadila," ikatokea yule mama akainua uso na kusema kitu muda huohuo, na bibi akacheka kwa furaha hadi akapaliwa.

Tulikuwa tumefika mahali ambapo mlango unagongwa na mama anainuka kwenda kufungua, betri ikaanza kuisha. Waliokulia wakati ule wanajua: picha inajikunja kutoka pembeni, inakuwa nyembamba, inakuwa mstari, inazimika. Mama yule alizimika akiwa ameshika komeo. Jumapili iliyofuata mkanda ulikuwa umesharudishwa ulikoazimwa.

Bibi alimgeukia Kabula palepale kwenye giza la magunia. "Ni nani mlangoni?"

Kabula hakuvuta hata pumzi. "Ni mtoto wake, bibi. Amekuja na ng'ombe kumi na wawili."

Bibi alitembea kurudi nyumbani akiimba. Jioni ile sahani ya Luhende iliongezwa kipande cha kuku.

Miezi kadhaa baadaye, likizo ya shule, nilipelekwa Maswa kwa shangazi. Jirani yake alikuwa na banda la video, na siku moja mchana nikasikia muziki ninaoujua. Nikaingia. Alikuwa mama yule yule mwenye kitambaa cheupe. Safari hii umeme ulikuwepo, na niliona mlango ukifunguliwa. Hakuwa mtoto. Walikuwa wanaume wawili wamebeba kiatu na shati lenye damu. Mama anapelekwa mtoni, anaonyeshwa maji, anapiga magoti anaukumbatia ule mzigo na kulia. Muziki ukapanda, maandishi ya Kiingereza yakajaa kioo, mwenye banda akazima, watu wakatoka wakipangusa macho.

Mimi sikulia. Nasema ukweli wangu wote hapa, sikulia. Nilifurahi. Nilikuwa nimempata Kabula.

Nilirudi Nkololo na hata mfuko sikuutua vizuri. Bibi alikuwa anachambua mbegu za karanga, Kabula anasonga ugali. Nikasema, kwa Kisukuma kilichonyooka, kwamba Kabula ni mwongo, kwamba filamu nimeiona mpaka mwisho kwa macho yangu, na mtoto wa yule mama hakurudi. Alikufia mtoni. Nikaeleza kiatu. Nikaeleza damu. Nilieleza vizuri sana, mwalimu wangu angenisifu.

Bibi aliendelea kuchambua karanga. Kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyeona, ng'wana wane."

Jioni alipakua. Akatenga sahani ya Luhende kama kawaida, akachukua ungo, akasimama nao mkononi. Halafu akaurudisha ungo ukutani, akaketi, akatugawia kile chakula pale pale, kikiwa bado cha moto. Mimi nilipewa fungu kubwa. Kabula hakula lake. Tulipokwenda kulala aliniambia neno moja tu, "Umemmaliza," na hakuzungumza nami hadi shule zilipofunguliwa.

Sahani haikuwekwa tena kabatini. Kwa Mzee Masanja bibi hakurudi, alisema macho yanauma, ingawa aliendelea kutunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Aliishi miaka minne baada ya hapo. Baba mdogo hakuja, wala sidai kwamba sahani ndiyo ingemleta. Lakini miaka ile minne bibi yangu alikula bila kumngoja mtu, na aliyesababisha ni mimi.

Sasa naishi Bariadi mjini, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo viwili nafungua kwa ajili ya kufagia tu. Mume wangu alishatangulia. Kabula tulimzika mwaka juzi. Mwanangu wa pekee, Ema, yuko Dar es Salaam anatengeneza simu, na kabla hajaondoka aliniachia televisheni pana kama mlango na king'amuzi chenye chaneli nisizozimaliza. "Mama, hutakuwa mpweke," aliniambia. Mtoto ana moyo mzuri, lakini kuhusu televisheni alikosea.

Naangalia kila kitu. Na maoni ninayo, kwa kuwa nilifundishwa na bibi. Tamthilia za Kituruki: wanatazamana sana. Mtu anaulizwa swali leo, anajibu wiki ijayo, na katikati wameonyeshwa ndugu wote wakikunja uso mmoja mmoja. Za Kikorea zimetafsiriwa Kiswahili kizuri, na wanakula, tena wanakula haswa, hizo bibi angezipenda. Filamu zetu wenyewe sizielewi. Kila familia ina ngazi ndani ya nyumba, baba anakunywa chai amevaa suti, mkwe mbaya anaongea peke yake jikoni ili tumsikie. Tangu nianze kuangalia sijaona filamu hata moja yenye shamba la pamba. Mtu akiamua kutafuta mali, anakwenda kwa mganga, na mganga mwenyewe amepakwa unga usoni. Unga wenyewe ni wa ngano.

Nayasema haya kwa sauti, nikiwa peke yangu kwenye kochi. Hakuna anayebisha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwa Mzee Masanja ukitoa maoni ulijibiwa na watu ishirini, na mmoja alikurushia kokwa ya embe.

Ema alikuja mara moja, siku tatu. Nikafikiri tutaangalia pamoja. Alikaa kochi la pili, masikioni ana vile vidude, anaangalia filamu yake kwenye simu iliyolingana na kipande cha sabuni. Kila mara watu walipokaa kuongea alisogeza mbele. Nikamuuliza, "Sasa hapo walikuwa wanasema nini?" Akasema, "Hamna kitu mama, stori tu, mapigano yako mbele." Filamu ya saa mbili aliimaliza kwa dakika thelathini, akaanza nyingine. Vijana wa leo wangeletewa mkanda wetu ule wangeufikisha mtoni kabla bibi hajamaliza kusalimia. Siku ya nne akaondoka. Tangu hapo ni simu, naye simu pia anaisogeza mbele. "Mama mzima? Haya, baadaye." Ametuahidi Pasaka mbili, mimi na kuku niliyemfungia.

Jumapili iliyopita, nimetoka kanisani, nimeketi na bakuli langu la matobolwa, televisheni ikaniletea yenyewe filamu za zamani kutoka mtandaoni. Ghafla nikaona kitambaa cheupe. Nikaona kovu juu ya nyusi. Yule mama alikuwa amepiga magoti palepale mtoni, amekumbatia kile kiatu, na muziki ni ule ule. Nikajua nimefika mwisho. Nikasubiri maandishi.

Maandishi yakaja. Sasa Kiingereza nakijua cha kutosha. Hayakuwa majina ya waigizaji wala kwaheri. Yalikuwa yanasema hadithi inaendelea kwenye mkanda wa pili, usikose kuupata. Yale yale yaliyojaa kioo kule Maswa, mbele ya mtoto wa kwanza darasani, aliyeyaona na hakuyasoma.

Na mkanda wa pili ulikuwepo, ulifuata wenyewe bila hata kuomba. Nikauangalia wote, sikusogeza mbele hata dakika moja. Shati lilikuwa la mtu mwingine. Kijana alikuwa amefungwa gerezani mji wa mbali, hana wa kumwandikia. Mwishoni kabisa mama amekaa mlangoni, amezeeka, na njiani anatokea mwanaume mwenye mvi kidogo. Hana ng'ombe kumi na wawili, ana begi dogo tu. Mama anainuka. Halafu wanaingia ndani na mama anampakulia chakula.

Nilisema, "Mwadila." Nikalia kwa sauti, mtu mzima, nikiita majina yao, Bibi Minza na Kabula. Mwongo wa ukoo ndiye aliyekuwa amesema kweli, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa kumpelekea habari. Mzee Masanja hayupo. Mashine yenyewe, nasikia, iliuzwa kama chuma chakavu.

Nilimpigia Ema nimsimulie. Nilifika kwenye betri, akasema, "Mama, kuna mteja, utanimalizia baadaye."

Zamani tulikuwa wengi na filamu moja isiyo na mwisho. Leo filamu zote zina mwisho, nami ni mmoja. Jioni ile nilisonga ugali, nikapika mlenda, nikapakua sahani mbili. Ya pili niliifunika kwa ungo, nikaiweka juu ya kabati. Asubuhi nilikula kiporo kile mwenyewe, kimepoa, nikaosha sahani.

Jioni nikapakua nyingine.