Bwawa linaumwa nini?

Leo nusura nimtibu Mama Happy kwa dawa ya bwawa la kuogelea.

Mimi ni mtunza stoo wa hoteli moja hapa Themi, na stoo yangu inasifika mpaka Nairobi.
Asubuhi nimeipanga upya, kitaalamu. Shelfu moja nikaiandika DAWA: ya bwawa, ya choo, ya panya.

Saa nne akaja Mama Happy wa jikoni, kashika kichwa.
"Baba Junior, si ungesema una dawa. Nimejichukulia kidonge pale, kikubwa kweli, nimekivunja nusu."
"Umemeza?"
"Nasubiri chai ipoe."

Nikakitoa mkononi mwake taratibu. Klorini.
"Hii ni ya bwawa, mama."
"Bwawa linaumwa nini?"

Nimetembea nchi tatu, swali hilo sijawahi kuulizwa.

Karatasi ya DAWA nimeibandua kwenye shelfu. Klorini nimeipa kabati lake, asidi ya choo iko mbali nayo, ya panya nimeifungia kwa kufuli. Zote nimeziandika SUMU, hata kwenye fomu ya oda.

Nikampa panadol yangu ya mfukoni. Akaigeuza pande zote.
"Na hii ni ya mtu?"

Kabati lako la dawa lina nini? Kaangalie kwanza, utanicheka baadaye.