Jumamosi ya Gealach

Simu ilikuwa juu ya meza ya jikoni, kati ya birika la chai na mkate ambao hakuna aliyeukata, na Fidelma Tuohy aliitazama kama mtu anavyotazama maziwa yaliyokaribia kufurika. Saa tano ya usiku ikapita. Saa sita nayo ikapita. Bosi wake, Bwana Considine, alikuwa amemwambia neno moja tu jioni ile, "Nitakupigia," kisha akakata.

Neno alilolisubiri lilikuwa moja: duka la kubeti farasi la mji wa Clonaherty, alilolifanyia kazi miaka thelathini na moja, linafungwa au linabaki?

Considine alikuwa na maduka matatu, na siku za mashindano huenda mwenyewe kuchezesha kamari kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Curragh. Zamani ilikuwa biashara. Siku hizi watu wanabeti kwenye simu wakiwa kitandani, wakiwa chooni, wengine wakiwa mazikoni. Ndipo mwezi ule akasema duka moja lazima life, nalo litakuwa lile lenye mikeka michache, yaani karatasi chache za kubetia.

Fidelma aliingia pale akiwa na miaka ishirini na mbili. Shule hakuwa nayo nyingi, ila mwandiko wake ulisomeka hata na mlevi, kwa hiyo wakampa kazi ya kuandika bei za farasi ukutani. Baadaye akapewa dirisha la kupokelea hela. Mwanawe Lorcan alikulia pale pale, akifanya hesabu za shule sakafuni katikati ya mikeka iliyochanwa. Na Fidelma mwenyewe, mtu wa wasiwasi tangu utotoni, alijifunza kuwasoma watu. Anayebeti kwa raha huandika polepole, anauma kalamu, anauliza hali ya hewa. Anayeifukuza hela iliyokwisha kwenda huandika mguu mmoja ukiwa nje. Mtu wa namna hiyo Fidelma alimrudishia hela yake. "Nenda nyumbani, Fintan. Leo farasi wako wote ni viwete." Fintan angetukana, angeondoka, na Jumatatu mkewe angeleta mayai dirishani bila kusema ni ya nini.

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi kuhusu kubeti kwenye simu. Simu haina macho. Lorcan sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alikaa nayo mkononi kila jioni, na mama mtu hakujua anaandika kwa raha au kwa kufukuza.

Habari za duka zilipomfikia Malachy Sheedy, mzee aliyesugua farasi maisha yake yote, alisimama nje ya kanisa Jumapili moja akatangaza kama padri wa pili. "Jumamosi ijayo simu zikae mfukoni! Kila mtu aje na mkeka wa karatasi. Tunamzika Fidelma tukiwa tunamtazama?"

Watu walikuja. Tangu saa nne ya asubuhi duka lilijaa kofia, makoti ya mvua na harufu ya mazizi. Kalamu zikaisha. Lorcan mwenyewe alisimama kwenye foleni, akampa mama yake euro kumi kama mtu asiyemjua.

"Jina?" Fidelma akamuuliza.

"Mama, acha basi."

Kosa lilikuwa hili: karibu wote walimchagua farasi mmoja. Gealach, jike mwekundu wa miaka minne aliyekimbia Curragh siku ile, alilelewa kwa Nuala Dwan, mfugaji wa pale pale, juu ya kilima, na hakuna mtu wa Clonaherty ambaye angekuja kulisaidia duka la mjini halafu ampe hela yake farasi wa mgeni. Euro tano tano, kumi kumi, kwa bei ya nane kwa moja: akishinda, kila euro moja inaleta nane.

Kazi ile ina sharti lake, na mtoto aliyekulia dukani analijua. Farasi mmoja akibebeshwa hela nyingi, unampigia bosi, naye anaipeleka sehemu ya mzigo kwa wachezeshaji wakubwa, ili farasi akishinda maumivu wagawane. Fidelma aliushika mkono wa simu mara mbili. Mara mbili akaurudisha. Aliogopa Considine akisikia atamwambia akatae mikeka, na yeye alitaka ile mikeka. Aliiona ikirundikana kwenye kisanduku akajisikia kama mwenye shamba anayetazama mvua.

Gealach alishinda kwa urefu wa shingo.

Duka lilipiga kelele mpaka vioo vikatetemeka. Malachy alimbusu kipofu wa posta. Fidelma naye alipiga kelele, Mungu amsamehe, kabla hajakumbuka amekaa upande gani wa dirisha. Droo ililipa watu kumi na wanane, ikabaki na sarafu. Waliobaki aliwaambia warudi kesho. Kisha akampigia Considine aliyekuwa Curragh, akamweleza yote bila kujitetea: mzigo wa zaidi ya euro elfu kumi, na simu ambayo hakuipiga.

"Nitakupigia."

Saa saba ya usiku Lorcan aliingia jikoni akiwa na soksi tu. Akaketi, akaukata mkate.

"Mama, kalale."

"Amesema atapiga."

"Na asipopiga?"

"Basi duka limekwisha, na nimeliua mimi. Kwa mkono huu."

"Sisi ndio tumeliua," Lorcan alisema, mdomo umejaa. "Mji mzima umekuja kulisaidia ukaliibia." Akaanza kucheka. Fidelma alimkazia macho ya kukemea, lakini kicheko kikamshinda na yeye, wakacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha vyombo. Kisha, kwa kuwa usiku unafungua midomo, Fidelma akamuuliza Lorcan anapoteza kiasi gani kwenye simu kwa mwezi. Lorcan aliweka mkate chini, akamwambia. Haikuwa hela ya kuogopesha. Haikuwa ndogo pia.

"Leo nimefurahia ile euro kumi kuliko zote," akaongeza. "Sijui kwa nini."

Fidelma alijua. Akamsogezea kipande kingine cha mkate. Simu haikulia usiku kucha.

Asubuhi, baada ya misa, foleni ilianzia mlangoni mwa duka ikapinda kwa mchinjaji. Gari la Considine lilikuwa limeegeshwa mbele. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Yumo tangu saa kumi na mbili," Malachy alimwambia. "Nimechungulia. Anasoma mikeka mmoja mmoja kama anasoma wosia."

Fidelma aligonga. Akagonga tena.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mimi, bosi."

"Uko peke yako?"

"Niko na watu kama sitini."

"Wote wanataka hela?"

"Mimi nataka hela na mbio za saa nane!" Malachy akadakia, foleni ikacheka.

Ndani viatu vilisogea. Kisha, karibu kabisa na ubao wa mlango: "Kwa nini hukupiga simu, Fidelma?"

Fidelma alisogeza mdomo karibu na mlango. "Niliogopa utaniambia niwakatae. Nilitaka uione mikeka."

"Nimeiona. Mia mbili na kumi na moja. Kuna miandiko humu ya watu niliodhani wamekufa."

"Wawili wamekufa kweli," Malachy akasema. "Wajane wao ndio waliobeti."

"Mzee Sheedy, naongea na mfanyakazi wangu."

"Ongea, mwanangu, ongea. Sisi tunapigwa na mvua tu."

Considine alikohoa. "Curragh jana nilipata. Hakuna mgeni aliyemjua huyo jike wenu, wote waliweka hela kwa yule aliyetarajiwa kushinda, wakapoteza. Nimekuja na hela, kila mtu atalipwa. Jana sikukupigia kwa sababu nilikuwa na hasira, na baba yangu alinifundisha mtu mwenye hasira asiguse simu." Karatasi zikasikika zikipekuliwa. "Maduka mengine mawili jana yalipata mikeka sitini na miwili. Kwa pamoja."

Fidelma aliweka kiganja kwenye mlango. Nyuma yake foleni ilisogea karibu, Malachy mbele.

"Hapa hapafungwi," Considine akasema. "Lakini ukikaa tena na mzigo kama ule bila kuniambia, tutafunga sote, wewe na mimi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bosi."

"Na mkae kwenye mstari. Sitaki mtu anirukie."

Komeo la juu likavutwa, kisha la chini, na mlango ukafunguka.